Lango Lisilofungwa

Dominika ya 16 ya Mwaka B
Masomo: Yer 23:1-6, Efe 2:13-18, Mk 6:30-34

Wapendwa wasikilizaji, taifa la Mungu, na hasa ninyi makatekista ambao saa hii pengine mmekwisha kuegemeza baiskeli zenu ukutani mwa kigango mkingojea waamini wakusanyike: amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Leo twapenda kuanza na jina mlijualo vizuri, kwa kuwa limeandikwa kwenye baiskeli nyingi za vijijini mwetu: Phoenix. Baiskeli hizo hutoka China. Zimebeba mahindi, mkaa, wagonjwa na mama wajawazito, na juu ya keria zake zimebeba vitabu vya Misa na divai ya altare mpaka vigango ambavyo gari la parokia halijapata kufika. Sisi tumeliona jina hilo tangu utotoni, wala hatukujiuliza maana yake, mpaka siku moja tulipojikuta tunaendesha baiskeli ndani ya bustani yenye jina hilohilo, katika mji wa Dublin, mji mkuu wa Ireland. Twawaomba mtufuate polepole katika safari hiyo. Masomo matatu ya Dominika hii tuliyasoma upya humo bustanini, tukaona yanatushitaki.

Katika somo la kwanza nabii Yeremia awakemea wachungaji waliolitawanya kundi, naye Mungu aahidi kuwakusanya kondoo mwenyewe. Katika somo la pili Mtume Paulo awaeleza Waefeso kwamba Kristo ameuvunja ukuta wa uadui uliowatenga watu wa mataifa mbalimbali, akawapatanisha kwa msalaba. Naye Mwinjili Marko atusimulia jinsi mitume walivyorudi wamechoka, Yesu akawaita mahali pa faragha wapumzike kidogo, nao watu wakawatangulia huko kwa miguu. Wachungaji, ukuta na mapumziko: mambo hayo matatu tuyashike mkononi.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2019. Tulikuwa tumepelekwa Dublin kwa kozi fupi ya mapadre. Mji huo si mgeni kabisa kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Ndiko Frank Duff na wenzake walikoanzisha Lejio ya Maria tarehe 7 Septemba 1921, na ndiko alikotoka Edel Quinn, aliyetumwa mwaka 1936 aje kuipanda Lejio hiyo huku kwetu, ingawa kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kuudhoofisha mwili wake. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, na kaburi lake lipo huko hadi leo.

Katika nyumba tuliyofikia alikuwamo padre mzee aliyefanya utume Kenya kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa bado hakijashika kutu. Jumamosi moja alituona tumeketi tumejiinamia. Akasema, "Padre, una mzigo. Chukua baiskeli yangu, nenda bustanini. Lakini usikimbie. Bustani ile humwambia neno mtu anayekwenda polepole." Akatupa baiskeli ya zamani yenye kengele kubwa na breki zinazolia kama mbuzi. Mzigo tulikuwa nao kweli, nasi tutausema wakati wake utakapofika.

Mtu atokaye katikati ya mji huufuata mto Liffey kuelekea magharibi mpaka alifikie lango la Parkgate. Huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo hatukupata hofu. Mara tulipolivuka lango, kelele za mabasi zikabaki nyuma yetu, na mbele yetu ikafunguka nchi ya majani mabichi. Bustani ya Phoenix ina hekta 707, na ukuta wake una urefu wa kilomita 11. Mwenye kuuzunguka kwa miguu atatembea zaidi ya saa mbili. Barabara yake kuu, Chesterfield Avenue, imenyooka kama kamba kwa kilomita nne hivi, pande zote mbili ina miti mikubwa, na taa zake huwashwa kwa gesi kama zamani. Tulimwuliza mfanyakazi mmoja wa bustani lango hufungwa saa ngapi. Akatabasamu. Malango madogo ya pembeni hufungwa usiku, alisema, lakini malango makuu mawili hayafungwi mchana wala usiku, mwaka mzima.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sehemu ya ardhi hiyo zamani ilikuwa mali ya watawa wa Kilmainham, nayo ilinyang'anywa siku za Mfalme Henry VIII. Mwaka 1662 Mtemi wa Ormond, James Butler, aliyeitawala Ireland kwa niaba ya Mfalme Charles II wa Uingereza, aliitenga iwe mahali pa kuwindia pa mfalme. Wakaletwa ayala, wanyama wanaofanana na kulungu wetu ila wana mapembe mapana kama viganja vya mikono. Ukajengwa ukuta ili ayala wasitoke na watu wasiingie. Ukuta huo wa kwanza ulijengwa vibaya, ukawa unaanguka hapa na pale. Kwa muda wa miaka themanini hivi malisho mazuri kuliko yote karibu na mji yalikuwa ya mfalme na wageni wake. Ndipo katika miaka ya 1740 mtawala mwingine, Lord Chesterfield, alipowafungulia wakazi wote wa Dublin. Wapendwa, tafadhali kumbukeni jambo hili: ukuta haukubomolewa. Ungali umesimama hata leo, na ayala wangali ndani yake, kundi la mamia. Kilichobadilika ni lango.

Baiskeli ina mwendo wake. Humpita mwenda kwa miguu, walakini haimzuii mtu kusalimiana. Tulipiga kengele, watu wakatupisha na kutuitikia. Upande wa kushoto tuliona mnara mrefu wa mawe wa Wellington, wenye kimo cha meta 62, uliojengwa kwa heshima ya jemadari mzaliwa wa Dublin. Upande wa kulia ipo bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1831. Mwaka 1840 kiingilio chake kwa siku za Dominika kilishushwa hadi peni moja, ili kibarua wa mjini naye aweze kuwaleta watoto wake kuona simba baada ya juma zima la kazi. Ilitupendeza kusikia kwamba watu walioandika habari za mji ule hawakuisahau peni hiyo moja.

Kila mahali watu walikuwa wakipumzika. Vijana walicheza mpira, wazee waliketi kwenye mabenchi, akina mama wahamiaji kutoka mabara mengine walitandika vitambaa majanini wakapakua chakula. Vibao viliwaomba wageni wakae umbali wa meta 50 kutoka kwa ayala na wasiwalishe chochote, maana mnyama wa porini akizoea mkono wa mtu huharibika. Mwezi wa Juni ndio wanapozaa, na mama humficha mtoto wake katika majani marefu. Tulisimama mbali tukalitazama kundi. Hakuna aliyelifukuza, wala hakuna aliyelifuga. Lilikula na kulala mbele ya watu wote kwa utulivu.

Yesu anapowaita mitume kupumzika, awaita kwa kitu chema. Marko atuambia kwamba watu walikuwa wengi, wanakuja na kuondoka, hata mitume hawakupata nafasi ya kula. Padre anayechoka si padre mbaya, na katekista anayelala mchana wa Jumatatu baada ya kuzunguka vigango vitatu asionewe haya. Twasema hivyo mapema, kwa sababu kosa tutakalolieleza halikuanzia katika kutamani kupumzika.

Tuliendelea mbele, na kama tusingalikuwa tunakwenda polepole tungalipita bila kukiona kitu ambacho yule padre mzee alitutuma tukione. Kando ya barabara kuu, karibu mkabala na ikulu ya Rais wa Ireland, upo msalaba mdogo uliochimbwa katika majani na kujazwa changarawe. Hauna mnara wala uzio. Urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima.

Hapo, jioni ya tarehe 6 Mei 1882, waliuawa watu wawili kwa visu. Mmoja alikuwa Thomas Henry Burke, ofisa mkuu wa serikali ya Uingereza katika Ireland, naye mwenyewe mzaliwa wa Ireland. Mwingine alikuwa Lord Frederick Cavendish, waziri mpya aliyekuwa ameapishwa siku hiyohiyo. Waliowaua walikuwa wamemkusudia Burke. Cavendish aliuawa kwa kuwa alikuwa akitembea pamoja naye. Siku nne tu kabla yake, Parnell, kiongozi wa wananchi wa Ireland, alikuwa ametolewa katika gereza la Kilmainham, na watu wakaanza kutumaini mapatano. Nyuma ya visu vile kulikuwa na uchungu wa miaka mingi: wakulima walionyang'anywa mashamba, na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 ambayo iliua watu wapatao milioni moja. Mwaka 1883 watu watano walinyongwa kwa ajili ya mauaji hayo. Hivyo uadui uliongeza kaburi juu ya kaburi, na hakuna aliyeshiba.

Lakini Lucy, mjane wa Cavendish, aliandika katika msiba wake kwamba angekuwa radhi kumtoa hata mume wake, ikiwa kifo chake kingewaletea wanadamu wenzake mema. Tukiwa tumesimama mbele ya msalaba ule wa changarawe tuliyakumbuka maneno ya Mtume Paulo kwa Waefeso. Paulo hasemi kwamba Kristo aliuzunguka ukuta wa uadui, au aliupaka chokaa upendeze. Asema aliuvunja, tena kwa mwili wake mwenyewe. Kuna kuta ambazo haziwezi kutiwa lango. Chuki ni mmoja wa ukuta wa namna hiyo, na dawa yake ni kubomolewa tu, nao unaobomolewa hivyo humwumiza anayeubomoa.

Tulipoinua macho tuliiona ikulu yenyewe, nyumba nyeupe iliyojengwa mwaka 1751. Zamani ilikuwa makao ya watawala waliotumwa na mfalme wa Uingereza. Tangu mwaka 1938 ni makao ya Rais wa nchi. Mary Robinson, alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1990, aliweka taa katika dirisha la jikoni linaloonekana kutoka barabarani, iwe ishara kwa wana wote wa Ireland waliohamia nchi za mbali: mlango wa kwenu ungali unawangojea.

Wapendwa, mbele ya taa hiyo tulishindwa kuendelea. Tulishuka, tukaiegemeza baiskeli mtini. Yafaa sasa tuwaeleze mzigo wetu.

Miaka miwili kabla ya safari hiyo, tukiwa paroko wa parokia moja ya mjini, wezi walituingilia mara tatu. Waliiba spika za kanisa, wakaiba betri za umeme wa jua, na mara ya tatu wakavunja sanduku la sadaka. Tuliita Halmashauri ya Walei, tukachangisha fedha, tukajenga ukuta wa matofali kuuzunguka uwanja wote wa kanisa, na juu yake tukapanda vipande vya chupa. Ndani ya ukuta kulibaki vitu viwili ambavyo hapo awali vilikuwa vya wote: kiwanja cha watoto cha mpira, na bomba la maji lililotumiwa na majirani, Wakristo kwa Waislamu. Tena tukamwagiza mlinzi kwamba saa kumi na mbili jioni lango lifungwe, asiingie mtu awaye yote mpaka alfajiri, wala sisi tusiamshwe. Katekista mkuu, mzee aliyewafundisha dini hata wazazi wa hao wanakwaya wetu, alisimama kikaoni akasema, "Baba Paroko, ukuta sikatai. Ila mtu akizidiwa usiku, tupite wapi?" Tulimjibu kwa ukali kwamba nyumba iliyoibiwa si yake. Kikao kikanyamaza.

Mwezi wa Novemba, wakati wa mvua, bibi mmoja wa kigango kilicho mbali alizidiwa usiku. Katekista alipanda baiskeli yake, Phoenix nyeusi, akaja kilomita tisa gizani katika matope. Alifika saa nane za usiku, akagonga. Mlinzi alimwambia, "Mwalimu, unisamehe, nimeagizwa." Simu yetu tulikuwa tumeizima ili tulale vizuri. Mzee yule alisimama langoni kwa muda wa saa nzima, kisha akaigeuza baiskeli, akarudi kusali na mgonjwa. Bibi alifariki kabla ya mapambazuko, bila Kitubio, bila Mpako Mtakatifu, bila Komunyo. Alikuwa na rozari mkononi na katekista kando ya kitanda chake. Mchana, katekista alipokuja kupanga mazishi, hakutulaumu. Alisema tu, "Baba, aliuliza mara mbili kama umefika."

Kwa miaka miwili tulijitetea. Tulijiambia kwamba huruma ya Mungu haizuiliwi na lango la paroko. Na hilo ni kweli, ndilo fundisho la Kanisa, nasi twaamini kwamba bibi yule amepokelewa na Mchungaji ambaye halali. Lakini ukweli huo hatukupewa ili tuufanye mto wa kulalia. Pale chini ya mti, mbele ya dirisha la jikoni la ikulu ya nchi ya kigeni, tulitambua kwamba tulikuwa tumefanya kama yule mtawala wa mwaka 1662. Malisho ya kundi tulikuwa tumeyafanya mbuga yetu.

Basi tuisikilize Injili tena. Yesu naye alitafuta mapumziko. Alipanda mashua pamoja na wenzake kwenda mahali pa faragha. Aliposhuka, akaona umati umemtangulia. Hakumwambia Petro aigeuze mashua. Marko asema aliwaonea huruma, kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Mapumziko yake yalikuwa na lango, na watu walilipita.

Tulipopata nguvu tulipanda baiskeli tena mpaka kwenye nguzo iliyosimama katikati ya barabara kuu. Lord Chesterfield aliisimamisha mwaka 1747, na juu yake yuko ndege katika ndimi za moto. Huyo ndiye Phoenix, ndege wa hadithi za kale asemekanaye kufa motoni na kuinuka tena kutoka majivuni. Lakini jina la mahali hapo halikutoka kwake. Wenyeji walipaita katika lugha yao fionn uisce, yaani maji maangavu. Waingereza walilisikia kwa masikio yao, wakalitamka Phoenix, na mwishowe wakajenga nguzo nzima juu ya kosa la kusikia. Tulicheka peke yetu, kicheko cha kwanza kwa siku nyingi. Hata hivyo ndani ya kosa hilo mna heri, kwa maana Mtakatifu Klementi wa Roma, katika barua yake kwa Wakorintho ya mwishoni mwa karne ya kwanza, alimtaja ndege huyohuyo kuwa mfano wa ufufuko. Na Zaburi tuliyoimba leo yamsifu Mchungaji anayetulaza kwenye majani mabichi na kutuongoza penye maji ya utulivu. Maji na ufufuko: ndio Ubatizo wetu. Kumbe hata mtu aliyesikia vibaya Mungu aweza kumfikisha penye neno la kweli.

Kutoka kwenye nguzo tulishika njia ya kushoto mpaka uwanda mpana, na hapo ukainuka Msalaba wa Papa, mweupe, wenye kimo cha meta 35. Mbele yake, tarehe 29 Septemba 1979, Mtakatifu Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa, na waliohudhuria walizidi milioni moja. Tarehe 26 Agosti 2018 Papa Fransisko naye aliadhimisha Misa mahali hapohapo, mwishoni mwa Mkutano wa Familia wa Dunia. Watu walikuja, lakini walikuwa wachache sana kuliko wale wa mwaka 1979.

Kati ya Misa hizo mbili kuna mambo ambayo mhubiri hapaswi kuyaruka. Mwaka 2009 zilitolewa taarifa mbili za tume za uchunguzi. Zilionyesha jinsi watoto walivyodhulumiwa na baadhi ya mapadre na watawa, na jinsi wakubwa wa Kanisa walivyoyafunika mambo hayo ili kulinda jina la Kanisa. Mwanzoni mwa Misa ya mwaka 2018, kabla ya jambo lolote, Papa Fransisko aliomba msamaha hadharani kwa ajili ya dhambi hizo. Maneno ya Yeremia juu ya wachungaji wanaoharibu na kutawanya kundi hayakuandikwa kwa ajili ya wafalme wa Yuda pekee. Wachungaji wa huko walijenga ukuta kulizunguka jina lao, nao watoto wakaachwa nje. Hatuthubutu kulinganisha maumivu na maumivu. Ila mbele ya msalaba ule mweupe tuliona kwamba mzizi ni mmoja: mchungaji akianza kulinda mali ya zizi kuliko kondoo, hajui atakapoishia.

Jua la Juni huchelewa kutua huko, karibu saa nne za usiku. Tuliporudi kwa Chesterfield Avenue mwanga wa taa za gesi ulikuwa umeanza kuonekana. Tulitoka kwa lango lilelile tuliloingilia. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Tuliporudi nyumbani, Dominika ya kwanza, tulilisema jambo hili mbele ya waamini kama tulivyolisema leo. Tulishuka altareni, tukamwomba katekista msamaha. Mzee yule alisema, "Baba, na mimi nilikuwa nimekununia," tukakumbatiana. Tuliuacha ukuta usimame, kwa kuwa wezi wapo. Lakini tulitoboa mlango mdogo, tukaweka kengele yenye waya uliofika mpaka chumbani mwetu, na juu yake taa. Bomba la maji tulilivuta likatokea nje. Kiwanja kikafunguliwa kila siku watoto watokapo shule. Tusiwadanganye kwamba mambo yote yalikuwa mazuri: koki ya bomba imeibwa mara mbili, na kengele hupigwa wakati mwingine na walevi. Hata sasa, ingawa tulihamishwa mwaka 2022, mtoto wa yule bibi hajarudi kanisani. Kila tunapopita huko humtembelea. Hutupa kiti na maji ya kunywa, tukaongea habari za mahindi na mvua. Twamwombea, naye hatumlazimishi.

Sasa wapendwa, kila mmoja autazame ukuta wake. Sisi mapadre tujiulize kama namba ya simu iliyobandikwa ofisini hupokelewa usiku. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wajiulize, mtu anapofiwa, neno la kwanza wanalomwambia ni pole, au ni swali la kadi ya zaka na michango aliyokosa. Utaratibu una mahali pake, kama ukuta ule wa kilomita 11 ambao bila huo ayala wangepotea barabarani. Lakini utaratibu usio na lango huwa gereza kwa aliye ndani, na kwa aliye nje huwa kaburi. Walio na ugomvi wa ndugu, wa shamba au wa urithi, wakumbuke kwamba kwao lango halitoshi. Ukuta huo ni wa kubomolewa, na Kristo amekwisha kupiga pigo la kwanza. Nanyi makatekista, ambao mara nyingi mmesimama nje ya malango yetu usiku mkiwa na habari ya mgonjwa: mtusamehe. Tena msiache kugonga.

Ee Bwana Yesu, Mchungaji mwema, uliyekatishwa mapumziko yako wala hukukasirika: utupe usingizi mwema, na masikio ya kusikia anayegonga. Uwapokee wote waliotungoja nasi hatukufika. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!